Fimbo za Ami na Kiti cha Bibi

Fundi wa kampuni ya intaneti alitoboa ukuta pale palipomkaribia yeye, si pale palipotufaa sisi. Akaingiza faiba yake nyembamba ndani ya majlisi, akabandika kiboksi, akawasha ruta, taa zikawaka kijani, akatutakia kheri. Mume wangu akamwambia, bwana, sisi tunalala juu, watoto wanasoma juu, hapa chini wanakaa wageni tu. Fundi akajibu kwa upole kwamba kazi yake inaishia inapoishia kebo yake. Kuzungusha waya ndani ya nyumba ni shauri la mwenye nyumba. Akapata saini, akapanda gari, akashika njia ya Maskati kabla kiza hakijamkuta milimani.

Nyumba yetu imejengwa kama nyingi za hapa Qurayyat: nguzo na mihimili ya zege, kuta za matofali ya saruji, dari la zege lililojaa nondo, lipu nzito ndani na nje. Imejengwa kukinga jua, na kinachokinga jua hukinga na mawimbi. Ruta ikiwa majlisi, ukipanda vidato vichache vya ngazi simu huanza kuzungusha kile kiduara chake. Ukifika juu hamna kitu. Binti yetu, aliyekuwa na masomo ya chuo ya kiangazi, akahamia kwenye ngazi na kompyuta mapajani, na kila anayepanda au kushuka akawa anamruka.

Lakini aliyehama kwelikweli ni Bibi.

Bibi ndiye mama mzaa baba wa mume wangu. Alizaliwa Unguja, akaja Omani miaka ya 1970 pamoja na wengi waliorejea baada ya Sultani Qaboos kushika nchi. Mdogo wake wa kike alibaki Malindi, Mji Mkongwe. Miaka mingi wakizungumza kwa simu ya kuhesabu dakika, salamu tupu na vilio. Sasa wanaonana nyuso. Unguja wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hivyo Bibi akishasali alasiri humsubiri mwenziwe amalize shughuli zake, kisha huanza, na wakianza hakuna wa kuwakatisha ila adhana ya magharibi.

Siku ya kwanza aliingia majlisi na simu peke yake. Ya pili akaja na mto. Ikafuata miwani, msahafu, chupa ya chai na shuka ya kujifunika baridi, maana kiyoyozi cha majlisi ni kikali kuliko vyote nyumbani. Kimewekwa kwa ajili ya wageni. Mwisho likaletwa kochi lake, kwa kuwa magoti hayamruhusu kukaa chini kwenye mazulia pamoja na ile mito ya ukutani. Akachagua mwenyewe pa kuliweka, kwenye kona ya mashariki, mgongo ukutani.

Sasa majlisi, kwa asiyeijua Omani, ni chumba cha kwanza ukiingia, chenye mlango wake wa nje, na ni pahala pa wanaume. Hapo Ami, ndugu wa marehemu mkwe wangu, hukutana na wenzake wa zamani wa baharini kwa kahawa na tende. Wazee wale waliingia jioni ya kwanza wakamkuta Bibi kochini. Akawapokea vizuri sana. Akamuuliza kila mmoja habari za mama yake, na aliyefiwa na mama akaulizwa alikufa kwa maradhi gani. Kisha akawageuzia simu ili na mdogo wake wa Malindi awasalimie. Yule naye alikuwa na maswali yake. Mtu hunywa kikombe kimoja, akakitikisa kwamba imetosha, akakumbuka ana jambo nyumbani.

"Mama," Ami alimwambia siku moja, "tutakupandishia intaneti chumbani kwako, uzungumze kwa faragha."

"Hapa panatosha, mwanangu," Bibi akasema. "Msijisumbue."

Wakajisumbua. Waya ule ulitakiwa upande, kwa ajili ya elimu ya mtoto, walivyosema.

Hapa sharti nieleze kitu kimoja juu yangu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi umeme Ng'ambo, huko huko Unguja. Katika Mji Mkongwe alihudumia nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene ambazo hakuna mwenye akili anayezichimba kwa ajili ya waya. Kule waya hupita juu ya ukuta, kwenye ubao mwembamba, umebanwa kwa vibanio vya bati, na mtu akitaka kujua unakotoka na unakokwenda huutazama kwa macho yake. Alipokuja Maskati kufanya kazi akakutana na mabomba ya plastiki yaliyozikwa ndani ya kuta, na ndipo alipopata swali lake ambalo lilimtangulia kila alikokwenda: bomba lina kona ngapi? Mpaka apate jibu hagusi chombo. Kanuni aliyofundishwa ni kwamba kati ya boksi na boksi zisizidi kona mbili za nyuzi 90. Zikizidi hapo, mjenzi ameokoa boksi moja na kumwachia adhabu atakayekuja baadaye. Nimekua nikimshikia ngazi. Lakini mke wa mtu haulizwi habari za mabomba, basi nikatulia na maandazi yangu.

Duka la vifaa vya ujenzi walilokwenda ni la bwana mmoja wa Kerala, aliyekuwako hapa kabla barabara mpya ya Sur haijafunguliwa. Kwa kile Kiarabu cha mkato wanachoelewana nacho watu wa Ghuba, aliwauliza wanataka kuvuta nini, wapi. Ami akasema waya, nyumbani. Mwenye duka akaona hapa hapana haja ya kuendelea, akawatandazia mezani alichonacho.

Kulikuwa na mkanda wa chuma, bapa, wa springi, umezungushwa ndani ya kifuko chake cha duara. Huo ndio chombo cha mabomba yenye kona: chuma cha springi kinajikunja kikifika konani na kinarudi kunyooka kikitoka, na kina ubavu wa kusukumwa mbali bila kukunjamana. Kasoro zake ni mbili. Kwanza hakisahau kule kuzungushwa, ncha hutaka kujipinda na kukwaruza upande mmoja wa bomba. Pili ni chuma, na chuma na umeme ni ndugu.

Kulikuwa na waya wa nailoni, wenye kichwa cha springi ya shaba kinachoongoza njia. Ni rahisi, haupitishi umeme, na watu huununua kwa wingi. Kwa bomba fupi lililo safi unafaa. Ukikutana na kizuizi, wewe unaendelea kusukuma kwa furaha ukidhani unakwenda, kumbe unajirundika ndani.

Na kulikuwa na fimbo za faibaglasi: vipande vya mita moja moja, vyenye skurubu upande mmoja na tundu lake upande wa pili, unaviunga kimoja baada ya kimoja hadi upate urefu unaoutaka. Nyingine hung'aa gizani. Huja na vichwa vya kubadilisha: ndoana, pete, sumaku, mnyororo mdogo wa shanga, kichwa cha mviringo kisichonasa. Ukubwa hutofautiana, ya milimita 4 hupinda vizuri lakini ikifika mbali huinamisha kichwa, ya milimita 6 hujibeba yenyewe hewani lakini ukiilazimisha kona kali itakuvunjikia. Wala usidhani ya kupinda itapita kwenye bomba la milimita 20 lenye kona: fimbo hupinda, ila pale zilipoungwa pana kipande cha chuma kisichopinda hata chembe, na hicho ndicho kitakachokwama.

Mume wangu alikuwa ameziona fimbo hizi katika video za Wamarekani, mtu anatoboa tundu dogo juu, anasukuma, waya unatokea chini, anatabasamu. Kweli tupu. Ila nyumba za wale, ukuta ni mbao zilizosimamishwa na kuzibwa jipsam pande mbili, katikati ni uwazi mtupu. Kwetu katikati ya ukuta ni tofali na saruji, na njia ni bomba au hakuna. Uwazi tunao pahala pamoja tu, juu ya dari la jipsam lililotundikwa ukumbini ghorofa ya juu. Fimbo zinazomstahiki yule Mmarekani nyumba nzima, sisi zinatustahiki ukumbini.

Ami, aliyeishi baharini na kwa hivyo haamini kitu chepesi, akachukua chuma. Mume wangu akasema hanunui kwanza, jirani anazo fimbo, ataazima. Wakarudi kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Ami akaanza. Chini katika majlisi, karibu na sakafu, pana vifuniko vitupu vya soketi ambazo hazitumiki. Akafungua kimoja, akaona mdomo wa bomba mkavu, hauna waya, akashukuru Mungu kwa kazi nyepesi. Mkanda ukaingia vizuri, ukapita kona ya kwanza, kisha ukagota. Akausukuma, akauzungusha, akauvuta nyuma kidogo na kuusukuma tena. Alipouchomoa, ncha ilikuwa na udongo wa kijivu, mkavu, laini kama unga.

Tukanyamaza wote. Udongo ule kila mtu wa hapa anaujua. Juni 2007, kimbunga cha Gonu kilipopiga, mabonde yalishuka na bahari ikapanda, na Qurayyat ikawa katikati. Bwawa la Wadi Dayqah, lile kubwa la kimo cha mita 75 ambalo leo watu huenda kulitembelea siku za Ijumaa, lilikuwa bado halijakamilika, lilifunguliwa 2012. Ndani ya nyumba hii maji yalifika mapajani mwa mtu. Bibi alipandishwa juu kwa kubebwa, akiwa na boksi la picha za Unguja mikononi, na mazulia ya majlisi yalikutwa nje yameshikana na ua wa jirani. Maji yalipotoka yaliacha tope, na tope likaingia kila lilipoweza. Baadaye marehemu mkwe wangu aliwaambia mafundi wahamishe soketi zote za chini wazipandishe kiunoni, na yale mabomba ya zamani yakafunikwa vifuniko na kuachwa. Tope likakaukia humo.

Ami akaipangusa ile ncha kwa kidole, akaitazama, akaipangusa kwenye gazeti. "Phet ilikuja 2010, ikapita," akasema. "Hii ya Gonu iko mpaka leo." Tope lililokauka kwenye kona ya bomba halitoki kwa chuma wala kwa nailoni. Nilimsikia mume wangu akipendekeza kulipulizia hewa ya kompresa, nikajipatia sauti nikasema kwamba lililogeuka udongo mkavu kwa miaka yote hiyo litang'ang'ania, na likitoka litatokea majlisi. Hilo likasikilizwa.

Ami akahamia kwenye soketi za juu, zinazotumika. Hapa niseme kwa kifupi, maana hadithi yenyewe haimpendezi. Bomba lenye nyaya za umeme si njia ya waya wa data, na mkanda wa chuma hauingizwi humo hata kwa sekunde mpaka swichi kuu imezimwa na testa imethibitisha. Ami alizima breka moja, aliyodhani ndiyo. Mkanda ulifika ulikofika, pakatokea cheche, na nyumba nzima ikazima. Ile breka nyeti ya miliampia 30, inayokata mkondo ukianza kupitia kwa mtu, ndiyo iliyomrudisha Ami kwetu akiwa na kope zake zote mbili. Alikaa chini, akaomba maji.

Tuliwasha tena kila kitu, tukasahau kimoja. Friza iko kwenye stoo ya uani, na breka yake ilikuwa imeanguka peke yake upande wa chini wa ubao. Nani atatazama huko? Ndani ya friza mlikuwa na jodari mzima aliyekatwa vipande, nguru, na changu wa kukaanga, wote wa sokoni hapa hapa. Na huu ulikuwa Juni. Watu wa mbali hawaelewi Juni ya Qurayyat. Basi wafahamu kwamba tarehe 26 Juni 2018 kipimajoto cha hapa hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha, na dunia nzima ikatuandika. Friza iliyozimwa katika hali hiyo haihitaji siku mbili. Aliyegundua ni paka. Tulipika jodari wa nazi, jodari wa kukaanga, jodari wa mchuzi mkavu, tukagawa kwa jirani kulia na kushoto, na bado usiku wake tukafukia shimo nyuma ya nyumba.

Bibi alikula jodari wake majlisi. Alimwonyesha mdogo wake sahani.

Ikawa zamu ya mume wangu na fimbo za kuazima. Jirani alikuwa amezihifadhi juu ya paa, pembeni ya tangi la maji, sijui kwa misimu mingapi. Jua la hapa hula ile gundi inayoshika nyuzi za kioo, na fimbo ikishapauka na kupoteza mng'ao, nyuzi zake huchomoza. Kwa macho huzioni. Mume wangu alizishika kwa mikono mitupu, akaziunga, akazipitisha viganjani kwa furaha, na saa hiyo hiyo akaanza kujikuna. Dawa yake si kusugua, kusugua kunazizamisha. Ni kubandika tepu inayonata na kuibandua, kubandika na kubandua. Nilifanya hivyo jioni nzima huku nikimpa nasaha alizokuwa hawezi kuzikimbia: fimbo nzuri ni laini ukiipitisha kitambaa, na kitambaa kikinasa, irudishe kwa mwenyewe. Vaa glovu hata kwa mpya. Na usizilaze juani.

Akanunua mpya. Nilikuwa nimemwambia achukue za milimita 6. Alichukua za milimita 4, kwa sababu dukani alizipinda mkononi zikapindika uzuri.

Juu, ukumbini, pana kidirisha darini cha kufikia mitambo ya kiyoyozi. Akapanda ngazi, akatia kichwa, akaanza kusukuma fimbo kuelekea upande wa vyumba. Humo juu ya jipsam, chini ya zege lililopigwa na jua tangu asubuhi, mtu hawezi kukaa na kichwa chake kwa muda. Na uwazi wenyewe si mtupu: jipsam imening'inizwa kwa fremu na vishikizo vya chuma kila hatua. Fimbo nyembamba ilipofika mbali ikainamisha kichwa, ikajilaza juu ya fremu, ikanasa. Mume wangu akaanza kuizungusha ili ijinasue. Sasa, skurubu za fimbo hizi hukaza kulia na kulegea kushoto, sawa na nyingine zote. Ukiwa unasukuma, unazungusha kulia tu, daima kulia, hata ukichoka. Yeye alizungusha kushoto, huku jasho likimwingia machoni, akahisi ghafla imekuwa nyepesi. Akasema, "Imetoka!" Imetoka kweli. Alipozirejesha zilikuwa pungufu ya vipande vitatu, na vile vitatu vilibaki vimelala darini kati ya ukumbi na chumba cha Bibi, na ndoana yao mpya.

Hapo ndipo wanaume wa nyumba hii waliporudi kwenye ile fikra wanayorudia mafundi wote waliochoka. Ami akaja na drili kubwa la kukodi, la kuvunjia zege, na pini ndefu ambayo sijui aliipata wapi. Mpango ulikuwa kutoboa kutoka majlisi moja kwa moja kwenda juu, kupitia dari la zege, mtokeo uwe nyuma ya kabati la Bibi chumbani kwake. Wakapima. Pahala pazuri pa kuanzia, pasipo na mhimili, palikuwa kona ya mashariki.

"Mama, tunakuomba utusogezee kochi," Ami akasema. "Vumbi litakuwa jingi."

Bibi aliweka simu mapajani, uso wa mdogo wake ukitazama dari. "Mtatoboa wapi?"

Ami akamwonyesha.

"Mtalipasua bomba la dishi."

Ami akauliza bomba gani.

"La dishi. Lile dishi kubwa alilolileta marehemu. Si lilikuwa juu ya paa, na televisheni ilikuwa hapa? Waya ulipita wapi, ulipaa?"

Walipolisogeza kochi, palikuwa na kifuniko cheupe ukutani, cha ukubwa wa kiganja, kimya kimetulia. Ndani yake mlikuwa na mdomo wa bomba, na ndani ya bomba waya mweusi wa dishi, uliokatwa, ukingoja tangu siku televisheni ilipohamishiwa juu. Kona ya mashariki tope halikufika kwenye bomba lile. Liko juu ya ile alama ya maji ambayo rangi mpya haijaweza kuificha.

"Mama," Ami akasema, "siku zote hizi, mbona hukusema?"

"Mlikuwa mmeshughulika," Bibi akasema. "Sikutaka kuwakatisha."

Kama alilichagua pale pahala kwa makusudi, sina ushahidi. Nasema tu kwamba majlisi ina kona nne, na tatu kati ya hizo ziko mbali zaidi na kiyoyozi.

Lakini Bibi alikuwa bado hajanyanyuka. Akaeleza kwamba yeye mtu mzima, magoti haya ya kupanda ngazi kila alasiri si yake, na waya upande kwa ajili ya mtoto, ni haki, elimu ni nuru. Ila yeye atabaki hapa na asiulizwe tena habari za faragha. Na lile drili lirudi kwa mwenyewe leo hii. Ami akatazama drili, akatazama kifuniko, akasema sawa.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu, maana nilikwisha kuikamata ile ngazi na hakuna aliyenizuia. Waya wa zamani ulio bombani ndiyo kamba bora kuliko zote, madhali unasogea. Ukiuvuta kidogo huku na kule ukacheza, umeshinda nusu ya vita. Huu ulicheza. Baba alinifundisha kuufunga mpya nyuma ya wa zamani kwa ngazi ngazi, usitengeneze fundo, nyuzi zipishane, halafu tepu izungushwe kuanzia kwenye wembamba kwenda kwenye unene ili kichwa kisigote konani. Ukaupaka sabuni ya maji kidogo. Tulichagua waya wa data mweusi wa nje, kwa kuwa juu ya dari joto lile hupasua ganda la wa kawaida, na urefu haukututisha: waya huo huhimili hadi mita 100, na nyumba yetu yote haifiki hapo.

Bomba la dishi lilipanda moja kwa moja, kona moja tu, likatokea kwenye boksi lisilo na kifuniko juu ya jipsam, kisha likaendelea kwenda paani. Boksi hilo lilikuwepo kabla ya jipsam. Waliotundika dari walilifunika, wakalisahau. Toka kidirishani nililiona kwa kurunzi, mbali nisikoweza kufika kwa mkono, na mbele yake vile vipande vitatu vya mume wangu vimejilaza juu ya fremu.

Nilimtuma dukani akabadilishe, na bwana wa Kerala, kwa insafu yake, akamkubalia. Akaja na za milimita 6. Hapo ndipo fimbo zilipopata kazi zilizoumbiwa: uwazi ulionyooka, hakuna kona, kitu cha kukamata mwisho wake. Niliziunga, kila kiungo nikakikaza kwa plaizi, nikazipeleka hewani bila kugusa jipsam, nikizungusha kulia. Kwanza ndoana ilinivutia vile vipande vilivyopotea. Kisha ikaingia chini ya mkunjo wa waya wa dishi pale boksini, nikamwambia mume wangu aliye juu ya paa aukate waya wa huko na aanze kulegeza. Ami majlisi akisukuma, mimi nikivuta polepole, bila kushtua. Waya mweusi wa zamani ulikuja, ukaja, kisha ikaja ile tepu, na nyuma yake waya mpya.

Binti yangu aliingia darasani kutoka kitandani kwake usiku ule ule. Chumba cha Bibi kina mawimbi kamili. Alipanda alasiri moja, kwa kushikwa mkono, akapiga simu, akasema uso wa mdogo wake huku juu unaonekana wa manjano, akashuka.

Ami sasa ameamua kwamba wenzake watakaa uani, chini ya mkungu. Ataweka feni la kusimama na taa, kwa hivyo umeme lazima utoke ndani uende nje, na liko bomba lililopitishwa chini ya saruji ya uani zamani, ila mdomo wake mmoja haujulikani ulipo. Alikuja jikoni kuniuliza, akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi: kwa kazi hiyo, tuchukue chuma au fimbo?

Nikamuuliza bomba lina kona ngapi.

Akafikiri. Akaziweka funguo juu ya friji, akaenda hadi mlango wa majlisi, akavua viatu, akabisha hodi.